Likizo na Vidole vya Mtoto: Namna ya Kuyatunza Masomo ya Muziki Shule Zinapofungwa

Kila mwaka shule zetu hufungwa kwa likizo ndefu mwezi wa Desemba, na kila mwaka jambo lile lile huonekana Januari katika madarasa ya muziki. Mtoto aliyekuwa akipiga wimbo mzima bila kusita mwezi wa Novemba hurudi akiwa mzito. Vidole vyake vinapapasa kinanda kana kwamba havijapata kukigusa. Mapigo ya ngoma yanapishana. Sauti aliyoipata kwa jasho haishikiki tena. Mwalimu hulazimika kuanza upya. Mzazi naye, akisikia mlio huo, hutamka maneno ambayo yamewakatisha tamaa watoto wengi: "Huyu hana kipaji."

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kwa haraka. Kinachosikika mwezi wa Januari ni matokeo ya kanuni za kawaida za kumbukumbu, ambazo humpata mtoto mwenye kipaji kama zinavyompata asiye nacho. Kanuni hizo zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100, na yeyote atakayezielewa anaweza kuzitumia kwa faida ya mtoto kwa gharama ya dakika 15 tu kwa siku. Tutaeleza kwanza jinsi mkono unavyojifunza, kisha jinsi unavyosahau, na baadaye tutaona yanayoweza kufanyika nyumbani, hata katika nyumba isiyo na kinanda wala mtu ajuaye kusoma nota.

MKONO HUJIFUNZA WAPI?

Watu husema kwamba mpiga gitaa hodari ana vidole vyenye akili. Kwa kweli kidole hakina kumbukumbu yoyote. Hata misuli mingi inayokikunja haimo ndani yake: imo katika kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili sasa hivi. Shika kigasha cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kisha vichezeshe vidole vya mkono wa kulia. Utahisi misuli ikitukutika mbali kabisa na vidole vyenyewe.

Misuli hiyo hufanya kazi kwa amri zinazotoka katika ubongo kupitia neva. Kwa hiyo mtoto anapofanya mazoezi ya zeze au ya filimbi, kinachobadilika zaidi ni ubongo wake. Mwanzoni kila mwendo huamriwa peke yake, na kila amri humgharimu mtoto fikira. Anapoendelea, amri nyingi hufungwa pamoja kuwa fungu moja. Ndivyo ilivyo pia katika kusoma: mtoto huanza kwa kutambua herufi moja moja, kisha silabi, na mwishowe hulitambua neno zima kwa kulitupia jicho mara moja. Mpiga ala aliyekomaa hasomi "herufi" za wimbo. Yeye husoma maneno na sentensi nzima.

Mabadiliko haya ya ubongo yamepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Thomas Elbert, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wapiga ala za nyuzi 9. Waligundua kwamba eneo la ubongo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto, yaani mkono unaobonyeza nyuzi, liliitikia kwa nguvu zaidi kuliko eneo hilo kwa watu wasiopiga ala. Kwa mkono wa kulia, ambao hushika upinde tu, hapakuonekana tofauti kama hiyo. Aidha, tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioanza kujifunza wakiwa watoto. Ubongo, basi, hujijenga kwa kutumika, na ule wa mtoto ni mwepesi zaidi kujengeka.

KUSAHAU KUNA KANUNI YAKE

Mtu wa kwanza kupima kusahau kwa vipimo vya kisayansi alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kazi yake mwaka 1885. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha na kuzikariri mpaka akaweza kuzitamka bila kosa. Baada ya muda fulani alizirudia tena, na kupima ni muda gani aliohitaji ili azijue upya. Kama safari ya pili ilichukua muda mfupi kuliko ya kwanza, upungufu huo ulikuwa kipimo cha kile kilichobaki akilini.

Matokeo yake yalikuwa haya. Baada ya siku moja, kazi ya kujifunza upya ilipungua kwa takriban asilimia 34. Baada ya siku 6 ilipungua kwa asilimia 25, na baada ya siku 31 kwa asilimia 21. Tukizitazama namba hizi kwa makini tutapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha mwendo wake hupungua: kati ya siku ya 6 na ya 31 kilichopotea ni kidogo kuliko kilichopotea katika siku ya kwanza peke yake. La pili ni kwamba hata baada ya mwezi mzima kuna kilichosalia. Mtu anayejifunza upya haanzii pale alipoanzia mara ya kwanza.

Silabi zisizo na maana husahaulika upesi sana. Ujuzi wa mikono uliokwisha kukomaa hudumu zaidi, na ndiyo sababu mtu aliyejua kuendesha baiskeli utotoni huipanda tena baada ya miaka mingi. Lakini ujuzi mchanga bado haujatia mizizi. Wimbo aliojifunza mtoto mwaka juzi utabaki. Wimbo aliofundishwa juma la mwisho kabla ya shule kufungwa uko hatarini. Hivyo siku za kwanza za likizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Mzazi anayesema, "Mwache apumzike kwanza, ataanza mazoezi baada ya sikukuu," anaacha mlango wazi wakati ule ule ambao mwizi anapita.

HABA NA HABA

Swali linalofuata ni hili: mtoto afanye mazoezi kiasi gani? Wengi hudhani kwamba siku moja ya mazoezi makali inaweza kufidia juma zima la uvivu. Uchunguzi mmoja uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa posta nchini Uingereza unaonyesha vinginevyo.

Wafanyakazi hao walikuwa wakifundishwa kutumia mashine yenye vibonye kama vya taipureta, kazi ambayo, kama kinanda, hudai wepesi wa vidole. Alan Baddeley na mwenzake Longman, waliochapisha matokeo yao mwaka 1978, waliwagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi saa moja tu kwa siku. La pili saa moja mara mbili kwa siku. La tatu saa mbili kwa mkupuo mmoja. Na la nne saa mbili mara mbili kwa siku. Jumla ya saa zilipohesabiwa, wale wa saa moja kwa siku walikuwa wamejifunza kwa saa chache zaidi kuliko wengine. Ingawa walichukua siku nyingi, kila saa yao ilizaa zaidi.

Uchunguzi huo ulifichua jambo jingine la kuzingatiwa. Kundi lililojifunza vizuri zaidi kwa kila saa ndilo lililoridhika kidogo zaidi, kwa kuwa lilijiona linachelewa. Hii ina maana kwamba hisia za mwanafunzi si mizani ya kuaminika. Mtoto aliyepiga wimbo mmoja mara 40 mchana mmoja hulala akiwa na furaha ya kuujua, kumbe sehemu kubwa ya wepesi huo ni wa mchana ule tu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme likizo ina majuma 5, na mtoto anafanya mazoezi dakika 15 kwa siku, siku 6 kwa juma. Jumla ni dakika 450, yaani saa 7 na nusu. Mtoto mwingine anaweza kuzipata saa hizo hizo kwa siku mbili tu kabla ya shule kufunguliwa, akikaa na ala yake saa 3 na dakika 45 kila siku. Kwenye karatasi wawili hawa ni sawa. Darasani hawatakuwa sawa hata kidogo: wa kwanza amewahi kuuzuia usahaulifu mara 30, na wa pili ameuacha ule mpaka ushibe.

KAZI INAYOFANYIKA USIKU

Kuna sababu nyingine inayofanya siku nyingi zishinde siku chache: kati ya siku na siku kuna usingizi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu kubonyeza vibonye vinne kwa vidole kwa mpango maalumu. Waliojaribiwa tena baada ya saa 12 za kuwa macho hawakuonyesha maendeleo ya maana. Waliojaribiwa baada ya usiku wa kulala waliongeza kasi kwa takriban asilimia 20, bila kuongeza makosa na bila mazoezi yoyote ya ziada. Watafiti waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, na baadhi yao husema kwamba sehemu yake hutokana na uchovu wa vidole kuondoka. Hata hivyo wengi wanakubaliana kwamba usingizi husaidia kuimarisha kumbukumbu mpya.

Kwa nyumba zetu fundisho ni rahisi. Likizo huja na shamrashamra: wageni, safari, harusi na mikesha. Mtoto anayelala usiku wa manane kila siku anapunguziwa darasa asilolijua. Inafaa mazoezi ya jambo gumu yafanywe wakati mtoto yu macho na mchangamfu, kisha apate usiku kamili wa kulala.

KOSA LISIPITE BILA KUSHIKWA

Dakika 15 zinaweza kutumika vizuri au kupotea. Mwaka 2009 Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 17 wa piano. Kila mmoja alipewa kipande kifupi na kigumu, akakifanyia mazoezi apendavyo, kisha akajaribiwa siku iliyofuata. Watafiti walitazamia kuona kwamba aliyetumia muda mrefu au aliyerudia mara nyingi ndiye angepiga vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Waliofanya vyema ni wale waliolishughulikia kosa mara lilipotokea: walisimama pale pale, wakatafuta chanzo chake, wakapunguza kasi, na kurudia sehemu hiyo mpaka ikatulia.

Watoto wengi hufanya kinyume cha hayo. Wakikosea, hurudi mwanzo wa wimbo na kuupiga wote tena, wakifika pale pale hukosea tena. Kwa mwendo huo mwanzo wa wimbo hunolewa kila siku, na mahali pagumu hubaki butu. Ubaya zaidi ni kwamba ubongo hautambui lipi kosa na lipi sahihi: hulifunga katika fungu lolote linalorudiwa. Kosa lililopigwa mara 20 limefanyiwa mazoezi mara 20.

Kwa hiyo dakika 15 zinaweza kugawanywa hivi:

Dakika 3: wimbo mwepesi ambao mtoto anaujua tangu zamani, ili kuvipasha vidole au sauti.

Dakika 7: mahali pagumu pamoja tu, pengine mapigo 8 au 10, kwa mwendo wa polepole kiasi kwamba hakuna kosa, kisha kasi iongezwe kidogo kidogo.

Dakika 5: wimbo mzima bila kusimama, mbele ya msikilizaji.

Mtoto akisikia maumivu ya vidole, kifundo au shingo, asimame. Maumivu si dalili ya bidii. Ni onyo la misuli na kano.

KIPIMA MAPIGO CHA UZI NA JIWE

Kupunguza kasi ni rahisi kusema, lakini mtoto peke yake huanza kukimbia bila kujua. Wanamuziki hutumia kipima mapigo, chombo ambacho Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815, na siku hizi kuna programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo. Lakini mwanafunzi wa fizikia anaweza kumtengenezea mdogo wake kipima mapigo kwa uzi na jiwe, kwa kutumia kanuni ya pendulumu.

Muda wa pendulumu kwenda na kurudi hutegemea urefu wa uzi, si uzito wa jiwe. Pendulumu yenye urefu wa mita 1, ukipimwa kutoka mahali uzi ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe, huenda upande mmoja kwa takriban sekunde 1. Kwa hiyo hutoa mapigo 60 kwa dakika. Ukiupunguza urefu kuwa sentimeta 56 utapata mapigo 80. Sentimeta 44 hutoa mapigo 90, na sentimeta 25 hutoa mapigo 120. Angalia kwamba ili kuongeza kasi mara mbili urefu umepunguzwa mara nne, kwa sababu muda hulingana na kipeuo cha pili cha urefu. Funga uzi kwenye boriti, usukume jiwe kidogo tu, na mtoto aanze kwa uzi mrefu. Kila anapopiga bila kosa mara tatu mfululizo, uzi ufupishwe.

MZAZI ASIYEJUA MUZIKI

Wazazi wengi hujitenga kwa kusema, "Mimi sijui muziki, nitamsaidiaje?" Jane Davidson, Michael Howe, Derek Moore na John Sloboda waliwachunguza watoto 257 nchini Uingereza waliojifunza ala, na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Baadhi ya watoto hao walikuwa wamefika mbali, na wengine walikuwa wameacha. Wazazi wa waliofanikiwa zaidi walikuwa wamejihusisha zaidi na masomo hayo, hasa katika miaka ya mwanzo: walizungumza na mwalimu, walihudhuria masomo, na walikaa karibu mtoto alipofanya mazoezi. Haikulazimu wawe wanamuziki.

Mjapani Shinichi Suzuki, aliyeishi kutoka 1898 hadi 1998 na kufundisha watoto wadogo fidla, aliutegemea msingi huo huo. Alisema kwamba mtoto anaweza kujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: kwa kusikia kila siku, kuiga, kurudia na kutiwa moyo na walio karibu. Katika mafundisho yake mzazi alikuja darasani pamoja na mtoto, ili nyumbani awe msaidizi wa mwalimu.

Mzazi au mlezi, basi, hahitaji kujua nota. Anahitaji kufanya mambo manne. Kwanza, awekee mazoezi saa maalumu, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi, kwani jambo lisilo na saa yake husukumwa mpaka usiku. Pili, ampunguzie mtoto kazi kwa muda huo. Binti anayeitwa kuchota maji kila anaposhika filimbi atajua bila kuambiwa kwamba filimbi haina thamani. Tatu, asikilize kwa makini na kuuliza: "Wapi palikusumbua leo? Nionyeshe polepole." Swali hilo linamfanya mtoto alitafute kosa mwenyewe. Nne, asifu jambo lililofanyika, kama vile "leo hukukimbia pale katikati," badala ya kumsifu mtoto kuwa ana kipaji. Aliyesifiwa kwa kipaji huogopa siku atakapokosea.

Babu na bibi ni hazina kubwa zaidi. Mtoto aliyepelekwa kijijini kwa likizo anaweza kukuta muziki ambao shule haina. Kwa Wagogo wa Dodoma, kwa mfano, zeze na ilimba, ambayo ni marimba ya vidole gumba, hufuata ngazi ya sauti inayotofautiana na ile ya kinanda. Watafiti wa muziki wameihusisha na sauti za ndani ambazo uzi mmoja huzizaa kwa asili. Mtoto aliyezoea kinanda akiimba pamoja na ilimba, sikio lake linalazimika kupima umbali wa sauti upya, na hilo ni zoezi zuri mno la usikivu. Hukwe Zawose (1938–2003), aliyeupeleka muziki wa Wagogo sehemu nyingi za dunia, aliupata msingi wa sanaa yake nyumbani kwao kabla ya jukwaa lolote.

MTOTO ASIYE NA ALA

Kikwazo kikubwa kwa wanafunzi wengi ni kwamba ala ni mali ya shule, na shule ikifungwa ala hufungiwa kabatini. Je, mtoto huyo amekwama? Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio linalotoa jibu la kutia moyo. Watu wasiojua piano walifundishwa zoezi la vidole vitano. Kundi moja lilifanya mazoezi kwenye piano saa 2 kwa siku kwa siku 5. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano kwa muda huo huo bila kusogeza vidole, likiwaza tu kila mwendo. Siku ya tano, waliowaza walikuwa wamefikia kiwango ambacho waliopiga walikifikia siku ya tatu. Na baada ya saa 2 tu za kupiga kweli, waliwafikia wenzao. Ramani ya ubongo inayoongoza vidole ilikuwa imebadilika katika makundi yote mawili.

Kuwaza hakulingani na kupiga, lakini kuko mbali sana na kukaa bure. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi, kabla ya kufunga shule, karatasi yenye picha ya kinanda kwa ukubwa wake halisi, waiweke mezani na kupitisha vidole huku wakiuimba wimbo. Mpiga ngoma anaweza kutumia mapaja yake. Mpiga gitaa anaweza kuchora nyuzi sita na vigawanyo vyake kwenye ubao. Na nota za sol-fa, zilizobuniwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ambazo kwaya zetu zimezizoea, hazihitaji ala yoyote zaidi ya koo: kila mtoto anaweza kuzinakili katika daftari na kuziimba.

Wale wenye ala nyumbani wakumbuke kuitunza. Desemba ni mwezi wa mvua katika sehemu nyingi za nchi. Ngozi ya ngoma hunyonya unyevu, kiwambo hulegea, na sauti hushuka. Ndiyo sababu wapigaji huipasha moto kabla ya kupiga. Ala za mbao zisiwekwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa maana mbao hujikunja na gundi huachia. Mtoto anayefanya mazoezi kwa ala iliyoharibika sauti analifundisha sikio lake uongo.

JARIBIO LA KUFANYWA NA DARASA

Haya yote yasikubaliwe kwa kusomwa tu. Wanafunzi 20 wanaweza kuyajaribu. Chagueni mapigo ya tatu kwa mbili: katika hesabu ya 1 hadi 6, mkono wa kulia upige meza katika 1, 3 na 5, na wa kushoto upige katika 1 na 4. Mapigo haya husikika katika ngoma nyingi za Afrika, kwa hiyo kwanza mpimeni kila mmoja ili wale wanaoyajua tayari waondolewe. Waliobaki wagawanywe kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi A lifanye mazoezi dakika 20 kwa siku moja. Kundi B lifanye dakika 5 kwa siku 4. Makundi yote yamalizie siku moja, ili muda wa kusahau uwe sawa.

Baada ya siku 7 bila mazoezi, pimeni. Tumieni pendulumu ya sentimeta 25, ambayo kila mwendo wake ni nusu sekunde, uwe hesabu moja. Mzunguko wa hesabu 6 utachukua sekunde 3, na katika dakika moja kutakuwa na mizunguko 20. Msahihishaji asijue nani yumo kundi lipi. Ahesabu mizunguko mingapi kati ya 20 imepigwa bila kosa. Tafuteni wastani wa kila kundi, na pia tazameni jinsi alama zilivyotawanyika, kwani wastani peke yake huficha mengi. Kisha jadilianeni: tofauti mliyoiona ni kubwa kiasi cha kutosha, au ingeweza kutokea kwa bahati?

NENO KWA MWALIMU, MWEZI WA JANUARI

Mwalimu atakayepokea watoto waliofanya mazoezi na wasiofanya asiwapime wote kwa mizani ya siku ya kwanza. Ebbinghaus alionyesha kwamba kilichosahaulika huacha alama, na alama hiyo huonekana katika kasi ya kujifunza upya. Kwa hiyo juma la kwanza na la pili liwe la kurudia nyimbo za mwaka uliopita, na mwalimu aandike siku ambazo kila mtoto alichukua kurudi pale alipokuwa Novemba. Daftari hilo litamwambia mengi kuliko sikio lake la siku ya kwanza. Na kabla hajamshauri mzazi yeyote kumwondoa mtoto katika muziki, aulize kwanza mambo matatu: mtoto alikuwa na ala? alikuwa na dakika 15? na kulikuwa na mtu wa kumsikiliza?